Yatokanayo na Kikao cha Kumi na Saba

Kila asubuhi, kabla chai haijapoa, Katibu huandika muhtasari wa kifungua kinywa. Huvuta daftari lake dogo, hulaza rula pembeni, kisha huandika tarehe, saa, na waliohudhuria, ambao siku zote ni wawili: yeye na binti yake. Chini yao huja wasiohudhuria kwa udhuru, na hapo mara nyingi huandikwa "sukari". Halafu yatokanayo na kikao cha jana, yaani nani aliahidi kusugua sufuria na hakusugua. Halafu mengineyo. Kikao hufungwa pale binti anapoinuka na kikombe chake.

"Mama, watu wengine hunywa chai tu," binti humwambia.

"Hoja yako imepokelewa," hujibiwa, na kweli huandikwa.

Ana miaka thelathini na tisa, na kwa miaka tisa sasa karibu hakuna anayemwita kwa jina lake. Mtaani ni Katibu, kazini ni Katibu, na hata mwenye duka anapompimia mchele humwambia, "Tazama mzani mwenyewe, Katibu, usije ukaniandika." Mchana huchapa mikataba katika ofisi ya wakili mmoja, chumba cha ghorofa ya pili chenye feni inayolalamika. Jumamosi ya kwanza ya kila mwezi hukaa mkono wa kulia wa mwenyekiti katika kikao cha Chama cha Mafundi wa Sare, watu wanaoshona nguo za wanafunzi wa mji mzima, na huandika kila neno lenye maana na mengine yasiyo na maana.

Mwenyekiti ni baba yake mdogo. Ndiye aliyemlea tangu akiwa na miaka sita, ndiye aliyemsomesha kwa cherehani ya miguu, mguu wake wa kulia ukawa mnene kuliko wa kushoto kwa kukanyaga. Katibu alipoamua ukubwani kusoma sheria, akienda darasani jioni kwa miaka sita, Baba Mdogo ndiye aliyebaki na mtoto, akimlaza juu ya marobota ya kitambaa cha kaki. Shahada ilipatikana. Uwakili haukupatikana. Mtihani wa mdomo alishindwa mara mbili, si kwa kutojua, ila kwa sababu akisimamishwa mbele ya watu mate humkauka na maneno hurudi yalikotoka. Mambo yake yote husemwa na kalamu. Ndiyo maana alipoteuliwa kuwa katibu, alihisi amepewa kiti kilichochongwa kwa kipimo chake.

Kabla ya chama hicho, mafundi walikuwa wakipigana. Wiki ya kufungua shule walijipanga kwenye mageti na futi zao shingoni, wakiwavuta wazazi mikono. Fundi mmoja alimkata mwenzake shati kwa mkasi, akiwa amelivaa. Baba Mdogo akaita kikao, na katika kikao cha kwanza kabisa Katibu aliandika, akapigia mstari kwa rula: *Ilikubaliwa kwa kauli moja kwamba kila shule itakuwa na fundi wake na kila fundi atakuwa na shule yake, na fundi hatamshonea mwanafunzi wa shule isiyo yake.*

Vita vikaisha. Mafundi wakaanza kualikana harusini. Katibu aliuona mstari ule kuwa kazi bora kuliko zote zilizowahi kutoka mkononi mwake.

Basi mwaka huu, mwezi mmoja kabla ya shule kufunguliwa, wakili alimwita mezani pake na kumgeuzia kompyuta.

"Soma hapa."

Chuo kikuu kimoja kilikuwa kinatangaza shahada ya uzamili katika sheria ya ushindani na ulinzi wa mlaji. Masomo yote kwa mtandao. Kazi zote kwa maandishi.

"Kwa maandishi," Katibu alirudia.

"Nimeliona hilo nikakukumbuka," wakili alisema. "Na ile ofisi ya kutetea wanunuzi inafungua tawi hapa mjini mwakani. Watataka watu. Au unataka kuchapa mikataba yangu mpaka macho yaishe?"

Alipompelekea Baba Mdogo habari, mzee hakuinua macho kwenye mshono.

"Sheria ya ushindani. Utakuwa refa?"

"Si mashindano ya mpira, Baba. Ni biashara. Na kulinda walaji."

"Walaji wa nini?"

"Mlaji ni mnunuzi yeyote. Hata anayenunua sketi."

"Sketi hailiwi," Baba Mdogo alisema, akakata uzi kwa meno. "Lakini soma, mwanangu. Nikifa nataka mtu wa kunililia kwa Kiswahili cha mahakamani."

Fomu ilikuwa na vyeti, picha, barua ya mwajiri, na ukurasa mmoja mtupu wenye maelezo mafupi juu yake: mwombaji aeleze jambo moja alilolifanya linalohusu fani hii. Katibu alikaa nao Jumapili nzima. Aliandika habari za mkasi na shati. Aliandika habari za mageti. Aliandika kwamba kwa miaka tisa alikuwa katibu wa chama ambacho, kwa utaratibu wa vikao na mihtasari iliyotunzwa vizuri, kiliwagawia mafundi shule na hivyo *kufanikiwa kumaliza kabisa ushindani*. Sentensi hiyo aliisoma kwa sauti. Binti akaikagua, akaongeza alama ya mkato mahali, akasema iko sawa. Katibu akabonyeza. Kompyuta ikajibu kwamba ombi limepokelewa na haliwezi kuhaririwa.

Siku kumi baadaye ikaja barua pepe. Alikuwa ameitwa kwenye usaili wa dakika ishirini kwa njia ya video, Alhamisi saa nne asubuhi. Neno "usaili" lilimtisha, kwa kuwa usaili ni kusema. Lakini alijikaza. Dakika ishirini hazimuui mtu. Pamoja na barua kulikuwa na kijitabu cha utangulizi, na mwombaji alishauriwa akisome kwanza.

Alikisoma Jumatatu ofisini, saa ya chakula, mkate ukiwa mkono wa kushoto. Ukurasa wa kwanza ulisifu ushindani, akashangaa kidogo. Ukurasa wa pili ulieleza kwamba mnunuzi hupata nguvu pale anapoweza kumwacha muuzaji mmoja na kwenda kwa mwingine. Ukurasa wa nne ulikuwa na kichwa cha herufi nene: *Makosa Makubwa.* La kwanza lilikuwa kula njama ya kupanga bei. La pili lilikuwa hili: wafanyabiashara wa kazi moja kukubaliana kugawana wateja, maeneo au taasisi, ili kila mmoja awe na zake na mwenzake asiziguse.

Aliweka mkate chini.

Alisoma tena, polepole, kama mtu anayetafuta kosa la chapa. Kijitabu hakikuwa na kosa. Kilisema adhabu ni faini, na kwa viongozi wa chama kinachohusika, hata kifungo. Kilisema ushahidi wa njama hizi ni mgumu kupatikana, maana wanaozifanya hawaziandiki. Katika jalada la nyuma kulikuwa na picha ya mwalimu mkuu wa kozi, mwanamke mwenye nywele za mvi, na chini yake ilielezwa kwamba yeye pia ni mshauri wa tume inayoyashughulikia makosa hayo. Jina lake ndilo lililokuwa kwenye barua ya usaili.

Feni iliendelea kulalamika. Katibu alikifunga kijitabu. Alikuwa amemwandikia mtu wa tume, kwa hiari yake, kwa sentensi safi na alama ya mkato mahali pake, kwamba yeye na baba yake mdogo wamemaliza kabisa ushindani.

"Wakili," alisema jioni, akiwa amesimama mlangoni na faili asilolihitaji. "Mtu akiandika muhtasari tu, bila kupiga kura, ana kosa?"

"Muhtasari wa nini?"

"Wa kikao. Cha watu waliokubaliana jambo lisilofaa. Yeye haamui. Anaandika."

Wakili alivua miwani. "Mtu gani huyo?"

"Mtu tu."

"Huyo mtu tu anakunywa chai kwako asubuhi?"

Katibu hakucheka, na wakili akaacha kutabasamu.

"Aliyeandika ni shahidi wa kwanza au mshtakiwa wa mwisho," alisema. "Inategemea daftari liko wapi, na nani amelishika siku ya kuulizwa. Wengine wote watasema hawakumbuki. Daftari halisahau."

Alirudi nyumbani akitembea upande wa kivuli. Gari jeupe lilisimama mbele ya nyumba ya jirani na roho yake ikapaa. Akashuka mtu na godoro. Simu ikaita namba asiyoijua, akaiacha iite mpaka ikachoka. Juu ya kabati ya chumbani, chini ya mkeka wa zamani, kulikuwa na daftari kubwa la jalada jeusi la Chama cha Mafundi wa Sare. Alipanda kiti, akalishusha, akakaa nalo kitandani kama mtu aliyeachiwa kushika mtoto asiyemjua.

Lilikuwa zuri. Hilo ndilo lililomuumiza. Kila ukurasa ulikuwa na pambizo, kila azimio lilikuwa na namba. Alifungua hapa na pale, na kila alipofungua, ukurasa wa nne wa kijitabu ulikuwa ukimsomea sikioni. Alipofika kikao cha kumi na saba, alisimama.

*Ajenda ya nne: Barua ya mzazi. Mzazi analalamika kwamba sketi ya mwanawe imefumuka mara tatu katika muhula mmoja, na mtoto amerudishwa nyumbani, na anaomba ruhusa ashonewe na fundi mwingine. Baada ya majadiliano kikao kilikataa kwa kauli moja. Katibu amjibu.*

Alikumbuka kwamba alimjibu. Aliandika barua ya adabu, akamshauri mzazi awasiliane na fundi wa shule husika, akasaini. Hakukumbuka kama yule mama aliandika tena. Chini yake, kwa mwandiko uleule mtulivu, ilikuwepo ajenda ya tano.

*Watoto wa wajumbe na mtoto wa katibu: Ilikubaliwa washonewe na fundi yeyote wampendaye.*

Shule ya binti yake ilikuwa ya fundi mwingine kabisa. Sare zake hushonwa na Baba Mdogo. Hazijafumuka hata siku moja.

Jumanne asubuhi chai ilimiminwa, ikanywewa, na daftari dogo halikufunguliwa.

"Mama, akidi haikutimia?" binti aliuliza.

"Kunywa chai."

"Unaumwa?"

"Kunywa chai, mwanangu."

Mchana aliomba ruhusa, akaenda kwa Baba Mdogo. Karakana ilikuwa imejaa: sare zilizokatwa zimefungwa kwa mafungu, kila fungu na kikaratasi cha jina la mtoto, vumbi la chaki hewani, pasi ikitoa mvuke. Shule zilikuwa zinafunguliwa Jumatatu ijayo. Alivuta kigoda, akakaa karibu na cherehani, akaeleza yote kwa sauti ya chini: ukurasa aliouandika, kijitabu, yule mwanamke wa tume. Alimweleza na adhabu.

Mguu wa mzee ulisimama. Katibu hakuwa amewahi kuusikia ukimya wa cherehani ile mchana.

"Yaani kuacha kupigana ni kosa," Baba Mdogo alisema.

"Si kuacha kupigana, Baba. Kugawana watu."

"Hatukugawana watu. Tuligawana shule."

"Shule ina watu ndani."

Mzee alikung'uta vumbi la chaki gotini. Kisha akatabasamu, lakini tabasamu halikupanda hadi machoni. "Umesoma kabla ya kuanza kusoma. Chuo chenyewe hakijakupokea, tayari unanishtaki."

"Sikushtaki. Naogopa."

"Daftari liko wapi?"

"Kwangu."

"Niletee kesho."

"Utalifanya nini?"

"Pasi hii inatumia mkaa," Baba Mdogo alisema, akainama, akaanza tena kukanyaga. Baadaye, bila kugeuka, akaongeza, "Nilikupa wewe uandike kwa sababu ulikuwa na mwandiko mzuri. Laiti ningemchagua mwenye mwandiko mbaya. Utaniletea?"

"Sawa, Baba."

Jumatano alasiri alifika na daftari ndani ya mkoba. Mlangoni alikuta mama mmoja amesimama, mkononi ana suruali ya kaki iliyopasuka kutoka kiunoni hadi gotini, na nyuma yake mtoto wa kiume wa darasa la pili hivi, amejificha kwenye gauni lake. Katibu akajibanza pembeni ya fremu.

"Hii ni ya juzi," yule mama alikuwa akisema. "Haijavaliwa hata shuleni. Ameinama kuokota kitu tu. Nimerudi kwa aliyeishona, ananiambia mwanangu ndiye mnene. Fundi, mwangalie mwenyewe. Unene uko wapi?"

"Naona, mama. Huyo hata upepo ukivuma unamchukua."

"Basi nipimie."

"Siwezi."

"Kitambaa ninacho."

"Si kitambaa. Shule yako ni ya yule fundi. Mimi nina yangu. Tumekubaliana hivyo." Alisema kwa upole wa kweli, kama anavyosema na kila mtu, na hapo akamwona Katibu pale mlangoni. Uso wake ukapata nafuu, kwa mazoea ya miaka tisa. "Siyo mimi peke yangu, mama. Muulize huyu dada, ndiye katibu wetu. Imeandikwa."

Yule mama aligeuka. Alikuwa mwanamke wa makamo, kilemba chake kimelegea, macho yamechoka kwa kuzunguka.

"Imeandikwa wapi?" alimuuliza Katibu. Hakuuliza kwa ukali. Alitaka kujua, pengine aende huko akaombe.

Daftari lilikuwa ndani ya mkoba, chini ya kwapa lake, upana wa kiganja kutoka kwa yule mama. Katibu alifungua mdomo. Maneno yakarudi yalikotoka, kama siku zile za mtihani. Mama alingoja kidogo, akaikunja suruali mara mbili, akamshika mtoto mkono, akaondoka. Hatua zao zilisikika kwenye kokoto mpaka kona.

Baba Mdogo alijifuta chaki kwenye viganja.

"Umeniletea?"

"Nimelisahau," Katibu alisema.

Ulikuwa uongo wa kwanza aliowahi kumwambia, na ulitoka bila kukwama hata kidogo. Jambo hilo lilimtisha kuliko tume.

Alhamisi aliamka mapema. Aliweka kompyuta ya kazini, aliyoazimwa na wakili, juu ya vitabu vinne vya sheria ili iwe usawa wa uso. Chai ikaiva. Binti aliposhuka kitandani alimkuta mama yake ameinamia daftari dogo na rula. Akachungulia juu ya bega. *Yatokanayo na kikao kilichopita: katibu alisema uongo. Utekelezaji: katibu.*

Binti hakutania. Alisogeza kikombe karibu na mkono wa mama yake, akakaa.

Saa tatu na nusu Katibu alipiga simu. Upande wa pili cherehani ilikuwa ikinguruma.

"Baba. Jana sikulisahau. Lilikuwa kwenye mkoba."

"Najua. Mkoba ulikuwa umevimba kama una mkate mzima."

"Mbona hukusema?"

"Na wewe mbona hukusema?" Cherehani ilisimama. "Yule mama alirudi. Jioni, nilipokuwa nafunga. Hakuingia. Alipita tu na yule mtoto, wanatoka kwa fundi mwingine. Bado ameishika ile suruali."

Katibu alihamishia simu sikio la pili.

"Saa ngapi hiyo video yako?"

"Saa nne."

"Usipoulizwa, usiseme."

"Na nikiulizwa?"

Alimsikia akipumua, na nyuma yake mvuke wa pasi.

"Mimi pia naogopa, mwanangu," Baba Mdogo alisema mwishowe. "Wewe ulifikiri ni peke yako?" Kisha cherehani ikaanza tena, taratibu, kama mtu anayejaribu mguu baada ya kuteguka, na simu ikakatika.

Saa nne kasoro dakika tano binti alikagua picha. "Mama, linaonekana paji la uso tu. Shuka kidogo. Hapo. Sasa unaonekana kama mtu anayedaiwa kodi, lakini angalau mzima." Akambusu shavuni, akatoka na kufunga mlango. Katibu alijua amekaa palepale nje, sakafuni, maana hakusikia nyayo.

Daftari jeusi lilikuwa mapajani, chini ya meza, mahali ambapo kamera haifiki. Hakujua kwa nini alilishusha. Alijiambia ni kwa sababu mikono yake inahitaji kitu cha kushika. Alimwona Baba Mdogo amesimama mbele ya meza ndefu ya watu wasiomjua, futi bado shingoni kwa kusahau kuivua. Akamwona mtoto ndani ya gauni la mama yake. Alijaribu kumtoa mmoja akilini ili abaki na mwingine. Wote wawili walikataa kuondoka.

Skrini ikaangaza. Mwanamke mwenye nywele za mvi alitokea, miwani imening'inia kwa uzi, nyuma yake kabati ya vitabu. Sauti yake ilifika sekunde moja baada ya midomo.

"Habari za asubuhi. Unanisikia?"

"Nzuri. Nakusikia, Profesa."

"Vyeti vyako viko vizuri. Barua ya mwajiri wako ni nzuri, ingawa anasema ukiondoka atafunga ofisi." Aliinua karatasi, na hata kupitia skrini Katibu aliutambua mpangilio wa aya zake mwenyewe. "Huu ukurasa nimeusoma mara tatu. Nimefundisha sheria ya ushindani miaka ishirini, na sijapata mwombaji anayejisifu kwamba ameumaliza."

Haikujulikana kama alikuwa anacheka. Picha ilikwama kidogo, mdomo wake ukiwa wazi nusu, halafu ikaendelea.

"Umesoma kijitabu?"

"Nimekisoma."

"Basi unajua ulichokiandika hapa." Aliweka karatasi chini, akavaa miwani. "Nilikuwa nimeandaa maswali sita. Nimeyafuta. Nina swali moja tu, na usiponijibu nitaelewa. Unasema vikao vyote viliandikiwa mihtasari, na ilitunzwa vizuri. Iko wapi?"

Nje ya mlango Katibu alimsikia binti yake akijizuia kukohoa. Majibu matatu yalikuja kwa pamoja, yamenyooka kama yamepigiwa rula: ilinyeshewa, ilipotea tulipohama, anayo mwenyekiti. Lolote kati ya hayo lingetoka bila kukwama. Alilijua hilo tangu jana. Mkono wake wa kulia ulitafuta kalamu mezani, kwa mazoea, ukakuta hakuna. Alikuwa ameiacha kwenye daftari la chai. Mate yalikuwa yamemkauka, na safari hii hapakuwa na kitu kingine cha kumsemea.

"Ninayo," alisema. "Iko hapa mapajani."